Gari la Ugenini: Tuliyojifunza Tulipokaa Uingereza Miaka Miwili

Watu wakisikia kwamba familia fulani inakwenda Ulaya kwa masomo, maswali yao huwa ni yale yale: watoto watasoma wapi, baridi mtaiwezaje, na je, kanisa lipo karibu? Lakini tangu turudi nyumbani mwaka 2019, akina mama kadhaa ambao wao wenyewe au waume zao wamepata nafasi ya kusoma au kufanya kazi ng'ambo wametuuliza swali jingine. Je, inafaa kununua gari mahali ambapo utakaa mwaka mmoja au miwili tu? Na ukilinunua, mgeni analiandikishaje kwa jina lake? Tumeona ni vema tuyaandike tuliyoyapitia, ili anayejiandaa leo asianze gizani.

Neno moja kabla hatujaendelea. Masharti ya viza hubadilika. Wakati wetu mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliweza kwenda na familia yake. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa kozi hizo hawaruhusiwi tena kuambatana na mwenzi au watoto, isipokuwa wale wa masomo ya utafiti na wale wanaofadhiliwa na serikali. Kwa hiyo, dada, hakikisheni kwanza mnakwenda wangapi na kwa muda gani. Mambo ya gari yafuate baadaye.

KWA NINI TULIHITAJI GARI

Tulifika Septemba 2017 katika mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa Uingereza, si mbali na Durham. Mmoja wetu alikuja kusoma. Mwingine, aliyekuwa muuguzi nyumbani, alipata kazi ya msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa kuwa kuandikishwa kama muuguzi kule ni safari ndefu yenye mitihani yake. Watoto wetu wawili walikuwa na umri wa miaka 9 na 6.

Siku za kawaida basi lilitutosha. Tatizo lilikuwa Jumapili na zamu za alfajiri. Zamu ilianza saa moja kamili asubuhi, lakini siku ya Jumapili basi la kwanza lilipita saa tatu. Njia ya miguu ilikuwa dakika hamsini, sehemu yake kando ya barabara kuu isiyo na taa. Mwezi wa Desemba upande ule jua huchomoza karibu saa mbili na nusu, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kuzama. Mama anatoka gizani na kurudi gizani, barafu chini ya miguu, na hakuna mtu njiani wa kumwita.

Hata hivyo hatukukubaliana upesi. Tulikuwa tumeweka kando paundi 3,000, na fedha hizo zilikuwa na kazi yake: mabati na mbao za nyumba yetu iliyofika kwenye linta. Mmoja wetu aliliona gari kuwa ni anasa ya ugenini. Mwingine aliona kwamba nyumba ingengoja, lakini mtu akianguka kwenye barafu akavunjika nyonga hangoji. Kwa wiki mbili jambo hilo lilikaa mezani pamoja na chakula, na kila mmoja alikula akiwa kimya. Walioolewa wanajua ukimya wa namna hiyo.

Lililotusaidia ni kalamu. Bwana Yesu alipozungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, alimwonyesha akiketi kwanza na kupiga hesabu. Nasi tuliketi usiku mmoja baada ya watoto kulala, tukaomba, kisha tukagawa karatasi sehemu mbili. Upande mmoja tuliandika gharama za gari: bei, bima, kodi ya barabara, ukaguzi, mafuta na matengenezo, tukiondoa bei tutakayoliuzia. Upande wa pili tuliandika tiketi za basi za mwezi za watu wazima wawili na teksi za Jumapili. Tukaona tofauti si kubwa. Ndipo tukawekeana masharti matatu: gari, bima na kodi kwa pamoja visizidi paundi 2,600, fedha za dawa za bibi yao watoto zisiguswe, na siku ya kuliuza, fedha zote zirudi kwenye mabati.

Kama mnakwenda kukaa London, huenda hesabu yenu ikatoka vingine kabisa. Kule treni na mabasi ni mengi, maegesho ni ghali, na tangu mwaka 2003 kuna malipo ya kuingia na gari katikati ya jiji. Tena tangu Agosti 2023 mitaa yote ya London imo katika eneo la kudhibiti moshi, na gari la zamani lisilofikia kiwango hulipiwa paundi 12.50 kwa kila siku linapoendeshwa. Gari la bei nafuu linaweza kuwa ghali sana mahali pasipofaa.

LESENI KWANZA

Kabla ya kutazama gari lolote, tazameni leseni. Leseni zetu za Tanzania, na vivyo hivyo za Kenya, hukubaliwa Uingereza kwa miezi 12 kuanzia siku mtu anapofanya makazi kule. Angalieni vizuri: miezi hiyo huhesabiwa tangu kuanza kuishi, si tangu kununua gari. Na leseni yenyewe iwe hai muda wote, kwa hiyo kama inakaribia kuisha, ihuisheni kabla ya kupanda ndege.

Miezi 12 ikipita, leseni ya nyumbani haifai tena, hata kama umeendesha miaka ishirini. Zipo nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani, kama vile Afrika Kusini na Zimbabwe, lakini zetu hazimo. Inabidi kuomba leseni ya mwanafunzi, kufanya mtihani wa nadharia, kisha mtihani wa barabarani. Mwaka 2018 tulilipa paundi 34 kwa leseni ya mwanafunzi, 23 kwa nadharia na 62 kwa barabara. Mtihani wa nadharia una maswali 50, na lazima upate 43. Baada ya hapo unaonyeshwa picha za video za barabarani, nawe unabofya kila unapoiona hatari inakuja: mtoto anayekimbilia mpira, baiskeli inayotoka nyuma ya lori.

Sisi tulianza mapema, mwezi wa tano, ili Septemba isitukute mikono mitupu. Mmoja wetu alifaulu mtihani wa barabarani mara ya kwanza, na mwingine mara ya pili. Tulikubaliana nyumbani kwamba hatutasema nani ni nani. Tangu janga la Korona mwaka 2020 foleni ya mtihani wa barabarani imekuwa ndefu, na watu hungoja miezi mingi. Anayekwenda leo aombe leseni ya mwanafunzi katika miezi yake ya kwanza. Kuwa nayo hakumzuii kuendelea kutumia leseni yake ya nyumbani mpaka ile miezi 12 iishe.

Jambo moja jema kwetu ni kwamba Waingereza huendesha upande wa kushoto kama sisi. Dada zetu waliotoka Rwanda, Burundi na Kongo wana kazi ya kubadilisha mazoea, na sisi tungekuwa na kazi hiyo hiyo kama tungekwenda Ujerumani au Marekani.

KULITAFUTA NA KULIKAGUA

Magari yaliyotumika huuzwa na wafanya biashara wenye yadi, au na watu binafsi. Bei ya mtu binafsi huwa chini, lakini ulinzi pia huwa mdogo. Ukinunua kwa mfanya biashara, sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro kubwa ambayo lilikuwa nayo tangu mwanzo. Ukinunua kwa mtu binafsi, yeye anatakiwa tu awe na haki ya kuliuza na liwe kama alivyolieleza. Mengine ni macho yako.

Kitu kilichotufurahisha ni kwamba historia ya ukaguzi wa gari iko wazi kwa kila mtu. Kila gari likifikisha umri wa miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, na ukaguzi huo huitwa MOT. Ukiandika namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, bila malipo, unaona lilipita lini, lilianguka kwa sababu gani, na lilikuwa limetembea maili ngapi kila mwaka. Kama mwaka juzi lilikuwa na maili 90,000 na leo kipimo kinaonyesha 60,000, unajua hapo pana ujanja. Unaona pia yale mambo madogo ambayo mkaguzi ameonya: tairi linaloelekea kuisha, kutu chini ya bodi. Kutu ni adui mkubwa kule, maana wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke.

Hata hivyo ukaguzi huo si kinga ya kila kitu. Hutazama breki, tairi, taa, usukani, mikanda na moshi. Hauifungui injini, wala haupimi klachi na giaboksi. Kwa hiyo tuliomba msaada kanisani. Mzee mmoja wa ushirika, fundi mstaafu, alikubali kufuatana nasi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alilala chini ya gari akiwa na tochi, na akiinuka tulimsoma usoni.

Gari la pili tuliloliona lilitupendeza sana. Lilikuwa safi, watoto wakalikalia na kukataa kutoka, na muuzaji alikuwa mchangamfu. Alisema ana mnunuzi mwingine jioni ile, hivyo tutoe fedha taslimu mara moja. Mzee wetu akatushauri tulale nalo usiku mmoja. Tulirudi nyumbani, tukalipa paundi chache kwa huduma ya kuchunguza madeni ya magari, na jibu likaja: gari lilikuwa bado lina deni la mkopo. Kule gari la mkopo huwa ni mali ya kampuni iliyokopesha mpaka deni limalizike, na anayelinunua kabla ya hapo anaweza kujikuta kwenye mvutano wa barua na wanasheria. Fikirini mgeni mwenye viza ya muda, asiyejua hata amwone nani, akiingia humo na fedha za mabati. Tulimpigia simu muuzaji kumwambia hatutaendelea. Naye hakuuliza kwa nini.

Watoto walinuna siku mbili. Wiki iliyofuata tulipata Toyota ndogo ya petroli ya mwaka 2008 kwa mwalimu mstaafu, kwa paundi 1,450. Haikuwa na la kujivunia. Ilikuwa na mkwaruzo mlangoni na harufu ya mbwa ambayo haikuisha mpaka tulipoiuza. Lakini namba ya chasisi ilikuwa sawa na ile ya kwenye hati, deni hakuna, na kitabu cha matengenezo kilikuwa na muhuri wa kila mwaka.

KULIANDIKISHA

Hapa ndipo wengi huogopa, lakini ndipo palipokuwa rahisi kuliko pote. Kadi ya gari ya kule huitwa V5C, na hutolewa na ofisi ya serikali iitwayo DVLA, iliyoko mji wa Swansea. Hutakiwi kwenda huko, wala kuwa raia. Kinachotakiwa ni anwani ya kweli unapokaa, ambako barua zitakufikia.

Siku ya kuuziana, muuzaji ndiye anayeiarifu DVLA kwamba gari limepata mwangalizi mpya. Kwa njia ya intaneti huchukua dakika chache. Anaandika jina na anwani yako, kisha anakukatia kipande cha kijani cha ile kadi, ambacho ni chako. Kwenye kipande hicho kuna namba ya tarakimu 12, na kwa namba hiyo unalipa kodi ya barabara papo hapo. Kadi mpya yenye jina lako huletwa na posta. Yetu ilifika siku ya tano.

Kuna mambo matatu hapa. La kwanza, kadi ile yenyewe inasema wazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inaonyesha nani anayelitunza gari na kuwajibika kwa faini zake. Kwa hiyo andikianeni risiti yenye tarehe, bei, namba ya gari na sahihi za pande zote mbili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili, kodi ya barabara haifuatani na gari. Tangu Oktoba 2014 kodi aliyolipa mwenye gari wa kwanza hukoma siku anapoliuza, na karatasi ile iliyokuwa ikibandikwa kwenye kioo imefutwa. Basi usidanganyike ukiambiwa gari limekwisha kulipiwa mpaka mwakani. Lipa kabla hujaliondoa. Yetu ilikuwa paundi 115 kwa mwaka.

La tatu, ukihama nyumba badilisha anwani kwenye kadi ya gari na kwenye leseni. Wageni huhamahama, na barua ya faini hutumwa kwa anwani iliyoandikwa. Usipoijibu kwa wakati, deni hukua.

BIMA, NA JARIBU LAKE

Gari halitoki mahali lilipo bila bima, hata kwa kulipeleka nyumbani tu. Kamera za barabarani husoma namba za magari, na polisi hujua mara moja lipi halina bima. Adhabu ya papo kwa papo ni paundi 300 na alama 6 kwenye leseni, na gari linaweza kuchukuliwa.

Lakini bima ndiyo iliyotutoa jasho. Mgeni mwenye leseni ya nje huhesabiwa kama dereva asiyejulikana. Miaka yetu ya kuendesha bila ajali nyumbani haikuhesabiwa kitu. Baadhi ya kampuni zilikataa kabisa, na nyingine zilitaja bei kubwa kuliko gari lenyewe. Baada ya kuuliza sehemu nyingi tulipata bima kubwa kwa paundi 940. Tuliuliza pia bima ndogo, ile inayolipa hasara za mtu mwingine peke yake, tukashangaa kuona haikuwa na nafuu.

Wakati huo huo mtu mmoja mwema, tena mpenda kanisa, alitupa njia ya mkato. Alisema tuandikishe bima kwa jina lake kama dereva mkuu, maana ana umri mkubwa na historia safi, kisha sisi tuwe madereva wa ziada. Bei ingeshuka hadi chini ya nusu. Alisema wageni wengi hufanya hivyo.

Paundi mia tano kwetu zilikuwa mabati mengi. Tulizungumza usiku ule. Kwa upande wa sheria, kumtaja dereva mkuu asiye wa kweli ni udanganyifu. Ajali ikitokea, kampuni inaweza kukataa kulipa, na mgeni akabaki na kesi pamoja na deni. Lakini lililotuzuia kwanza halikuwa hofu hiyo. Kila asubuhi tuliwaambia watoto waseme kweli shuleni, hata kama ni kuhusu penseli iliyopotea. Tungewabebaje ndani ya gari lililosimama juu ya uongo? Tulimshukuru yule ndugu kwa wema wake, tukalipa 940. Mwaka wa pili, tukiwa na leseni ya kule na mwaka mmoja bila ajali, bima ilishuka hadi 610.

Kwa akina mama wanaokwenda kufanya kazi za kutunza wagonjwa, angalieni neno moja kwenye fomu: gari litatumika kwa nini? Kwenda kazini na kurudi ni jambo moja, na lazima ulitaje. Kuzunguka nyumba hadi nyumba kuhudumia wagonjwa ni jambo jingine, nalo huhesabiwa kuwa matumizi ya kazi. Ukilitumia kwa kazi hiyo bila kulitaja, unaweza kujikuta huna bima siku ya shida. Kuwachukua ndugu kwenda ibadani si neno, hata wakichangia mafuta, mradi usipate faida.

WATOTO NDANI YA GARI

Sheria ya kule inataka mtoto akae kwenye kiti chake maalumu mpaka afikishe miaka 12 au kimo cha sentimita 135, lolote litangulie. Wa kwetu wote wawili walihitaji. Yule wa miaka 9 aliona ni aibu, kwa sababu alijiona mkubwa. Hatukubishana naye kwa habari ya faini. Tulimweleza kwamba mkanda umetengenezwa kwa mwili wa mtu mzima. Kwa mtoto mfupi hupita tumboni na shingoni badala ya kwenye mifupa ya nyonga na begani, na gari likisimama ghafla mkanda wenyewe humuumiza. Aliyekwisha kufanya kazi wodi ya majeruhi hahitaji kuambiwa mara mbili. Tuliporudi nyumbani viti vile ndivyo kitu pekee cha gari tulichokuja nacho, na hadi mdogo alipofikia kimo tuliendelea kuvitumia.

GARI NA NDUGU WA NYUMBANI

Hili halimo kwenye fomu yoyote, lakini lilitugharimu mawazo zaidi ya bima. Tulipopata gari, watoto walitaka kupiga picha na kuwatumia binamu zao. Tuliwaomba wangoje. Nyumbani gari ni dalili ya kufanikiwa. Kule ni chombo cha kufikia kazini, tena gari letu lilikuwa la bei ndogo kuliko pikipiki mpya. Nani angeiona tofauti hiyo kwenye picha? Tuliwapigia simu wazazi wa pande zote mbili kwanza, tukawaeleza kwa nini tumenunua, kwa kiasi gani, na kwamba nyumba itachelewa kuezekwa kwa muda. Baba mkwe alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu: huyo mama alikuwa akitembea peke yake usiku? Alipojibiwa, akasema basi mlichelewa kununua. Baada ya hapo picha ilitumwa, na hakuna aliyetuomba fedha kwa sababu ya picha ile.

SIKU YA KUACHANA NALO

Mwezi wa Agosti 2019, tukifunga mizigo, jaribu la mwisho lilikuja: kwa nini tusilisafirishe? Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa anayerudi kukaa nyumbani nafasi ya kuingiza gari moja bila ushuru, kama alilimiliki na kulitumia yeye mwenyewe nje kwa miezi 12 au zaidi, pamoja na masharti mengine. Lakini kuna nauli ya meli, ukaguzi, na gharama za bandarini. Kwa gari dogo la miaka 11 lililokwisha kuonja chumvi ya barabara, tuliona hailipi. Wenzetu wa Kenya wana kizuizi kingine: magari yaliyozidi umri wa miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa. Anayetaka kusafirisha gari aanze kulifikiria siku ya kulinunua, si siku ya kufunga mizigo.

Tuliliuza kwa familia iliyofika karibuni, kwa paundi 900. Tuliiarifu DVLA siku ile ile, na miezi mizima iliyobaki ya kodi ya barabara tukarudishiwa. Tulivunja bima, tukarudishiwa sehemu. Tukaomba pia barua ya kuthibitisha kwamba hatukudai bima wakati wote huo. Barua hiyo tumeihifadhi, maana hakuna ajuaye kesho.

Tulipofunga daftari, kwa miezi 21 gari lilitugharimu kiasi cha paundi 2,630 bila mafuta, yaani kama 125 kwa mwezi. Ukiongeza mafuta, ni karibu sawa na basi na teksi. Kwa fedha hatukupata faida. Faida ilikuwa mama kufika kazini salama, familia nzima kuwahi ibada, na wazee wawili wa jirani waliokuwa wameacha kwenda kanisani kwa sababu ya baridi kupata usafiri. Zile paundi 900 zilinunua mabati, kama tulivyokubaliana.

Basi, akina mama wenzetu mnaojiandaa, tunawashauri haya. Ketini na waume zenu mpige hesabu yote kabla ya kutazama gari hata moja. Jueni leseni yenu inaisha lini. Msinunue siku ile ile mnayoliona gari. Tafuteni mtu mwaminifu anayejua magari. Mara nyingi yupo kwenye benchi la nyuma kanisani. Wekeni kila karatasi kwenye bahasha moja. Waelezeni wazazi kabla ya picha. Na mkiona bei ya kusema kweli ni kubwa, ilipeni. Ugenini mtu hana ndugu wengi wa kumtetea, na jina lake jema ndilo linalomtangulia kila mlango anaobisha.

Bwana awatangulie katika safari zenu, na awarudishe salama.